Msamiati na Sarufi kwa Mtoto Mdogo: Historia ya Swali Moja

Utangulizi

Swali la kipi hutangulia, msamiati au sarufi, ni kongwe kuliko idara nyingi za isimu. Kila mwalimu wa Kiswahili hulijibu hata kama hajawahi kulitamka, kwani hulijibu kila anapopanga somo. Wapo wanaoanza na orodha ya maneno: viungo vya mwili, vyombo vya jikoni, majina ya wanyama; ngeli na nyakati zikangoja muhula wa pili. Wapo wanaoanza na jedwali la ngeli, mwanafunzi akakariri A-WA, U-I, LI-YA na KI-VI kabla hajawa na maneno ishirini ya kuyaweka humo. Makundi haya mawili hubishana, lakini yana imani moja: kwamba msamiati na sarufi ni maghala mawili, kila moja na mlango wake.

Katika makala haya tunakusudia kufuatilia jinsi watafiti walivyolishughulikia swali hili kwa kuwatazama watoto wadogo, kuanzia karne ya 18 hadi wakati wetu. Hoja yetu ni kwamba historia hiyo haiungi mkono imani ya maghala mawili. Kwa mtoto mdogo sarufi huota ndani ya maneno aliyokwisha kuyapata, nayo sarufi ikishaota humsaidia kupata maneno mengine. Tunadai pia kwamba lugha za Kibantu, ingawa zilichelewa sana kuingizwa katika utafiti huu, zinalionyesha jambo hilo waziwazi kuliko Kiingereza ambacho ndicho kilichotawala mjadala. Mwishoni tutaeleza jambo hili linamhusu vipi mwalimu wa Kiswahili hapa Uganda na katika nchi jirani.

Shajara za wazazi

Watafiti wa kwanza wa lugha ya watoto walikuwa wazazi wenye kalamu. Mwaka 1787 mwanafalsafa wa Ujerumani, Dietrich Tiedemann, alichapisha maelezo kuhusu ukuaji wa akili ya mwanawe Friedrich. Tiedemann hakuwa na nia ya kuandika juu ya lugha peke yake, lakini maelezo yake huhesabiwa miongoni mwa kumbukumbu za mwanzo kabisa za aina hiyo.

Karibu karne moja baadaye, Mfaransa Hippolyte Taine alichapisha makala kuhusu binti yake. Makala hayo yalipotafsiriwa kwa Kiingereza, Charles Darwin aliamua kuzitoa kumbukumbu alizokuwa ameziandika kuhusu mwanawe wa kwanza, William, aliyezaliwa mwaka 1839. Darwin alizichapisha mwaka 1877. Ndani yake mna mfano mmoja ambao hadi leo unafaa kusomwa na kila mwanafunzi wa isimu. Mtoto alipotimiza mwaka mmoja alijitungia neno lake la chakula, «mum». Alilitumia kuonyesha chakula na pia kukidai, yaani neno lilifanya kazi ya nomino na ya kitenzi kwa pamoja. Baadaye sukari akaiita «shu-mum». Alipojifunza neno la Kiingereza la rangi nyeusi, «black», akalitanguliza, na peremende nyeusi ya mzizi mtamu akaiita «black-shu-mum».

Tuuangalie mfano huu vizuri. Mtoto ana maneno machache, lakini tayari anayapanga kwa utaratibu: kikumushi kwanza, kinachokumushwa baadaye, kama Kiingereza kinavyotaka. Hakufundishwa kanuni hiyo. Tena hakuweza kuitumia hapa mpaka neno «black» lilipoingia katika msamiati wake. Neno jipya lilileta na nafasi yake ya kukaa. Darwin hakuliendeleza jambo hili, na kwa miaka mingi halikuendelezwa na mtu.

Kazi kubwa zaidi ya shajara ilifanywa na Clara na William Stern huko Ujerumani. Wenzi hawa waliandika kumbukumbu za watoto wao watatu, Hilde, Günther na Eva, kuanzia mwaka 1900, na mwaka 1907 wakachapisha kitabu kizima kuhusu lugha ya watoto. Walidai kwamba mtoto akifika karibu mwaka mmoja na nusu hugundua jambo kubwa: kila kitu kina jina. Baada ya hapo huuliza majina ya vitu bila kuchoka. Dai hili lilimfanya kila mtafiti aliyefuata atazame kipindi kile ambacho maneno ya mtoto huongezeka kwa kasi.

Baadaye Werner Leopold, mtaalamu wa lugha aliyekuwa Marekani, alimfuatilia binti yake Hildegard aliyekua na lugha mbili, Kijerumani kutoka kwa baba na Kiingereza kutoka kwa mama. Kazi yake ilitoka katika juzuu nne kati ya 1939 na 1949. Juzuu ya kwanza ilihusu ukuaji wa msamiati katika miaka miwili ya mwanzo. Juzuu iliyohusu sarufi ya miaka hiyohiyo miwili ilitoka miaka kumi baadaye. Mtoto alikuwa mmoja na miaka ilikuwa ileile, lakini vitabu vilikuwa viwili. Mgawanyo huo ulikuwa wa kurahisisha uandishi tu. Hata hivyo ulikuwa dalili ya desturi ambayo ingeendelea kwa muda mrefu.

Zama za kuhesabu

Shajara zina kasoro moja inayojulikana: zinahusu mtoto mmojammoja, na mara nyingi mtoto wa msomi. Katika miaka ya 1920 watafiti wa Marekani waligeukia makundi makubwa ya watoto na takwimu. Madorah Smith wa Chuo Kikuu cha Iowa alichapisha mwaka 1926 makadirio ya msamiati wa watoto kwa umri. Kwa wastani, watoto wake walikuwa na maneno 3 wakiwa na mwaka mmoja, 22 wakiwa na miezi 18, 118 wakiwa na miezi 21, 272 wakiwa na miaka miwili, na 896 wakiwa na miaka mitatu. Dorothea McCarthy wa Minnesota alifuata mwaka 1930 na uchunguzi wa watoto 140, naye Mildred Templin mwaka 1957 akawachunguza watoto 480 wa umri wa miaka mitatu hadi minane.

Takwimu za Smith zinastahili kutazamwa tena. Kati ya miezi 18 na 24 msamiati unapanda kutoka maneno 22 hadi 272. Kipindi hichohicho ndicho watoto wengi huanza kuunganisha maneno mawili. Lakini katika kazi za zama hizo urefu wa sentensi uliwekwa katika safu moja ya jedwali na idadi ya maneno katika safu nyingine, na kila safu ikalinganishwa na umri. Swali la uhusiano wa safu hizo mbili zenyewe halikupewa uzito uliostahili.

Sarufi yajitenga

Mwaka 1957 B. F. Skinner alichapisha kitabu chake kuhusu mwenendo wa kilugha, akieleza lugha kuwa mazoea yanayojengwa kwa kutuzwa. Miaka miwili baadaye Noam Chomsky alikihakiki kitabu hicho kwa ukali. Hoja yake, kwa ufupi, ilikuwa kwamba mtu husema na kuelewa sentensi ambazo hajawahi kuzisikia, kwa hiyo lazima awe na mfumo wa kanuni kichwani, wala si rundo la mazoea. Tangu hapo sarufi ikawa mhusika mkuu. Msamiati ukaonekana kuwa kitu cha kukariri tu, kisicho na siri.

Jaribio lililoipa nguvu hoja ya kanuni lilifanywa na Jean Berko na kuchapishwa mwaka 1958. Aliwaonyesha watoto picha ya kiumbe cha kubuni, akakiita «wug», kisha akaonyesha viwili na kumwachia mtoto amalizie. Watoto wengi walisema «wugs». Kwa kuwa neno hilo halikuwapo duniani kabla ya jaribio, mtoto hakuweza kuwa amelikariri. Alikuwa na kanuni.

Lakini matokeo ya Berko yalikuwa na upande wa pili ambao haukutajwa mara nyingi. Watoto wengi mno walijua kuwa wingi wa «glass» ni «glasses», ila walipopewa neno la kubuni lenye mwisho uleule, «tass», wengi wao walishindwa. Yaani umbo la wingi lilikuwa tayari limo katika neno wanalolijua, lakini bado halijaachana na neno hilo na kuwa kanuni huru. Kwa lugha ya mkulima, mche ulikuwa bado umo kitaluni.

Roger Brown wa Chuo Kikuu cha Harvard aliichukua kazi hii mbele zaidi. Kuanzia mwaka 1962 yeye na wanafunzi wake waliyarekodi mazungumzo ya watoto watatu waliopewa majina Adam, Eve na Sarah. Kitabu chake cha mwaka 1973 kilionyesha kwamba watoto hao walipata mofimu 14 za Kiingereza kwa mfuatano unaokaribiana sana, ingawa Eve aliwatangulia wenzake kwa umri. Brown aliona kwamba umri si kipimo kizuri. Alitumia wastani wa idadi ya mofimu katika kila usemi wa mtoto. Huu ulikuwa uvumbuzi mkubwa. Hata hivyo kipimo hicho kilihesabu urefu wa usemi, hakikuhesabu hazina ya maneno.

Msamiati warudi

Mwaka huohuo wa 1973 Katherine Nelson alichapisha uchunguzi wa watoto 18 na maneno yao 50 ya mwanzo. Aligundua kwamba watoto hawaanzi kwa njia moja. Baadhi walikusanya zaidi majina ya vitu. Wengine walikusanya vifungu vya kuamkia, kuomba na kukataa, wakivitumia vikiwa vizima kama neno moja. Jambo hili lilitia shaka wazo kwamba msamiati wa mwanzo ni orodha tu. Mtoto anayesema kifungu kizima tayari ana sarufi iliyofungwa ndani ya kifurushi, hata kama hajakifungua.

Aliyelirudisha swali letu katikati ya uwanja ni Elizabeth Bates. Mwaka 1988, akiwa na Inge Bretherton na Lynn Snyder, alichapisha kitabu kuhusu watoto 27 waliofuatiliwa tangu maneno ya kwanza hadi sarufi. Matokeo yao yalishangaza: kilichotabiri vizuri sarufi ya mtoto akiwa na miezi 28 kilikuwa ni ukubwa wa msamiati wake akiwa na miezi 20.

Watoto 27 ni wachache. Hatua iliyofuata ilihitaji kipimo rahisi, na kipimo hicho kilipatikana kwa kuwarudia wazazi, safari hii si kwa shajara bali kwa orodha. Mzazi alipewa orodha ya maneno yanayojulikana na watoto wadogo, akatia alama yale ambayo mwanawe huyasema, kisha akajibu maswali kuhusu namna mtoto anavyounda sentensi. Larry Fenson na wenzake, Bates akiwamo, walichapisha mwaka 1994 matokeo ya zaidi ya watoto 1,800 wa umri wa miezi 8 hadi 30. Orodha ya watoto wakubwa ilikuwa na maneno 680.

Mambo mawili yalijitokeza. Kwanza, watoto wazima wa afya wa umri mmoja walitofautiana mno kwa idadi ya maneno. Pili, ukijua msamiati wa mtoto unaweza kuikadiria sarufi yake vizuri kuliko ukijua umri wake. Mwaka huohuo Virginia Marchman na Bates walieleza kwamba mpaka mtoto akusanye vitenzi vya kutosha ndipo mfumo wa wakati uliopita wa Kiingereza hujitokeza, pamoja na makosa yake mashuhuri ya kuzidisha kanuni, kama «goed» badala ya «went». Mwaka 1997 Bates na Judith Goodman waliandika makala ambayo dai lake kuu ni kwamba sarufi na msamiati havitenganiki.

Dai hili halikupita bila upinzani. Ubishi ulikuwa umekwisha kuwaka tangu 1986, David Rumelhart na James McClelland walipotengeneza programu ya kompyuta iliyojifunza wakati uliopita wa vitenzi vya Kiingereza bila kuwekewa kanuni yoyote. Programu hiyo ilifanya makosa yanayofanana na ya watoto. Steven Pinker na Alan Prince waliijibu mwaka 1988, wakasema kwamba makosa hayo yalizuka kwa sababu watafiti waliiongezea programu vitenzi kwa ghafla, kutoka 10 hadi mamia, jambo ambalo halimpati mtoto. Kim Plunkett na Marchman wakajibu mwaka 1993 kwa programu nyingine, iliyoongezewa msamiati kidogokidogo. Nayo pia ilifika mahali ikaanza kuzidisha kanuni. Kwa hiyo hata waliopingana walikubaliana bila kutaka kwamba namna msamiati unavyokua si jambo la pembeni.

Upinzani mwingine ni wa kimantiki: mambo mawili yakikua pamoja, haina maana kwamba moja ndilo linalolilea lingine. Huenda yote mawili yanalelewa na wingi wa maneno ambayo mtoto huambiwa kila siku. Tena njia huenda pande zote mbili. Brown alikuwa ameonyesha mwaka 1957 kwamba mtoto hukisia maana ya neno geni kwa umbo lake la kisarufi, kama ni la kitu au la tendo. Letitia Naigles mwaka 1990 alionyesha kuwa hata watoto wenye miaka miwili hutumia muundo wa sentensi kukisia maana ya kitenzi wasichokijua. Nao uchunguzi wa pacha wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2003 na Ginette Dionne na wenzake, ulionyesha athari za pande zote mbili kati ya umri wa miaka miwili na mitatu: msamiati kwenda kwenye sarufi, na sarufi kwenda kwenye msamiati.

Lugha za Kibantu zaingia

Hadi hapa karibu mifano yote inatoka katika Kiingereza. Kiingereza ni lugha yenye viambishi vichache, ambapo neno linaweza kusimama uchi. Je, katika lugha ambayo neno haliwezi kusimama bila kiambishi, msamiati huanzia wapi na sarufi huanzia wapi? Tuchukue neno «atanipikia». Kwa mwandishi ni neno moja. Kwa mwanamofolojia ni mofimu sita: a-ta-ni-pik-i-a. Mtoto akilisema, tumhesabie neno moja au sentensi nzima?

Euphrasia Kunene alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuliingiza Bara letu katika mjadala. Tasnifu yake ya mwaka 1979, iliyowasilishwa katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ilihusu namna watoto wanavyopata viambishi vya nomino, ngeli na upatanisho katika Kiswati. Katika miaka ya 1980 Katherine Demuth alifanya kazi kama hiyo Lesotho juu ya Kisotho. Matokeo yao yanakubaliana kwa jambo la msingi. Watoto wadogo huangusha kiambishi cha nomino, au hukibadilisha kwa irabu hafifu tu, na bado huweka upatanisho ulio sahihi kwenye maneno yanayofuata. Ni kama mtoto wa Kiswahili angesema «ti hiki» badala ya «kiti hiki». Makosa ya kulihamisha neno kutoka ngeli moja kwenda nyingine ni machache.

Maana ya matokeo haya ni kubwa. Mtoto ambaye hatamki «ki-» ya kiti, lakini anasema «hiki» wala si «huyu», anaijua ngeli ya neno hilo. Ngeli haikuja baada ya neno. Ilikuja pamoja nalo. Mtoto alilisikia neno likiwa na jamaa zake, kiti hiki, kiti changu, kiti kimevunjika, na akalihifadhi hivyo. Kwa Mbantu, kujifunza nomino bila ngeli ni kujifunza nusu ya nomino.

Kuhusu Kiswahili chenyewe, kazi inayojulikana zaidi ni ya Kamil Ud Deen, aliyewarekodi watoto wanne wa Nairobi. Tasnifu yake ni ya mwaka 2002 na kitabu chake kilitoka mwaka 2005. Deen alichunguza viambishi vya kitenzi, na aliona kwamba watoto huangusha mara nyingi kiambishi cha nafsi au cha wakati, wakasema umbo kama «pika» ambapo mtu mzima angesema «anapika». Lakini irabu ya mwisho wa kitenzi karibu hawaikosei, na kiambishi cha yambwa huwekwa panapostahili. Kwa hiyo kuangusha kwao si kubahatisha. Tusisahau pia kwamba watu wazima wa Nairobi nao hukiangusha kiambishi cha nafsi katika mazungumzo ya kawaida. Mtoto hujifunza Kiswahili anachokisikia, si kile cha kitabu cha sarufi.

Orodha ya wazazi nayo ilifika pwani. Katie Alcock na wenzake waliiandaa upya kwa Kiswahili na Kigiriama huko Kilifi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Kwa kuwa wazazi wengi hawakuwa wasomaji, orodha haikugawiwa kama karatasi ya kujaza. Wazazi walihojiwa ana kwa ana. Data za Kiswahili na Kigiriama zimo leo katika hazina ya kimataifa ya orodha za aina hii iliyotangazwa mwaka 2017 na Michael Frank na wenzake. Kitabu chao cha mwaka 2021, kilicholinganisha lugha nyingi, kinathibitisha kwamba uhusiano wa karibu kati ya ukubwa wa msamiati na sarufi si wa Kiingereza peke yake.

Ushahidi kutoka kwa watu wazima

Kiswahili kina ushahidi mwingine ambao haukuhitaji maabara. Neno «kitabu» lilitoka katika Kiarabu, na huko sauti «ki» ni sehemu ya mzizi. Lakini wasemaji wa Kiswahili walikuwa na maneno mengi yanayoanza kwa ki-, na wingi huo uliwafanya walisikie «ki» hilo kuwa kiambishi. Wakasema vitabu. Ndivyo ilivyotokea pia kwa «kipilefti», mzunguko wa barabara, neno lililotoka katika Kiingereza: viwili ni vipilefti. Hili ni jaribio la Berko lililofanywa na jamii nzima. Kanuni iliyaokota maneno mapya kwa sababu maneno ya zamani yalikwisha kuwa mengi kiasi cha kuifanya kanuni hiyo kuwa hai.

Mtoto mwenye lugha mbili

Kwa wasomaji wetu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, historia hii haiwezi kukamilika bila mtoto wa lugha mbili au tatu. Mwaka 2004 Marchman, Carmen Martínez-Sussmann na Philip Dale walichapisha uchunguzi wa watoto wa Marekani wanaokua na Kiingereza na Kihispania. Waliona kwamba sarufi ya mtoto katika Kihispania inalingana na msamiati wake wa Kihispania, na ya Kiingereza inalingana na msamiati wa Kiingereza. Kama sarufi ingekuwa inakomaa tu kwa umri wa ubongo, tungetarajia ikomae kwa lugha zote kwa wakati mmoja. Haikuwa hivyo. Kila lugha ilihitaji hazina yake.

Hapa pana jambo zito. Mtoto anayesema Kiluganda nyumbani, akasikia Kiswahili kidogo sokoni na Kiingereza shuleni, akipimwa kwa lugha moja tu ataonekana ana maneno machache na sarufi pungufu. Mtu asiyejua historia hii atamwita mzito wa akili. Maneno yake yamegawanyika katika lugha tatu, na sarufi ya kila lugha inafuata fungu lake. Kumhukumu kwa fungu dogo ni kumdhulumu, na dhuluma hiyo humfuata katika ripoti za shule kwa miaka.

Inamhusu vipi mwalimu wa Kiswahili

Tuseme wazi kwamba mwanafunzi mtu mzima si mtoto wa miaka miwili. Anajua kusoma, ana lugha nyingine kichwani, na saa zake za Kiswahili ni chache kwa wiki. Matokeo ya utafiti wa watoto hayawezi kuhamishwa darasani kama yalivyo. Hata hivyo tunaona mambo matatu ambayo yanaweza kutuongoza.

La kwanza, tusifundishe nomino zikiwa peke yake. Badala ya kuandika ubaoni «kisu, mwiko, sufuria», tuandike «kisu changu, mwiko wangu, sufuria yangu». Mwanafunzi atapata neno na ngeli yake kwa pumzi moja, kama mtoto anavyolipata. Hapo atapata pia jambo ambalo jedwali humficha: kwamba kiboko na kifaru, ingawa vina sura ya KI-VI, hupatanishwa kama viumbe hai: kiboko huyu amelala, kifaru yule anakimbia.

La pili, jedwali la ngeli lisiondolewe, ila lichelewe. Lije mwanafunzi akiwa na maneno ya kutosha ya kila ngeli, ili limsaidie kuona mpangilio wa kitu alicho nacho tayari. Anayetoka katika Kiluganda, mwenye ekitabo na ebitabo, au katika Kinyarwanda, mwenye igitabo na ibitabo, atafika hapo upesi. Anayetoka katika Kilango au Kiacholi, lugha zisizo na ngeli za aina yetu, atahitaji maneno mengi zaidi kabla jedwali halijamwambia kitu. Wote wawili hukaa katika darasa moja, na si haki kuwapa jedwali siku moja kwa matarajio sawa.

La tatu, tuyasome makosa kwa jicho la Berko na la Deen. Mwanafunzi anayezidisha kanuni na kusema «kiboko hiki kimelala» ameonyesha kuwa kanuni ya KI-VI imeota kwake. Amekosea, na asahihishwe, lakini amepiga hatua mbele ya yule anayesema kwa usahihi sentensi tatu alizozikariri.

Hitimisho

Tumeona kwamba swali lilianza katika shajara ambamo maneno na sarufi vilikuwa katika ukurasa mmoja kwa sababu mtoto mwenyewe hakuvitenga. Takwimu zikavitenga katika safu mbili, nadharia ikavitenga katika madaraja mawili, na ilichukua muda hadi miaka ya 1980 na 1990 kuvirudisha pamoja kwa ushahidi. Lugha za Kibantu zilipoingia, zilionyesha kwamba katika lugha zetu utengano huo ulikuwa mgumu tangu mwanzo, kwa kuwa kiambishi kimo ndani ya neno.

Kazi iliyobaki ni yetu. Watoto wanne wa Nairobi na wale wa Kilifi hawatoshi kuwakilisha Kiswahili cha Bujumbura, Bukavu, Kampala au Kigali. Mwanafunzi wa shahada anayetafuta mada ya tasnifu anahitaji kinasa sauti, daftari, ruhusa ya wazazi na subira ya mwaka mmoja. Tungependa kuwaona baadhi ya wanafunzi wetu wakiianza kazi hiyo, kwani Darwin naye alianza na mtoto mmoja na daftari moja.